Jua la Dirishani: Historia ya Vitamini na Madini kwa Reptilia wa Kufugwa

Utangulizi

Nilipokuwa darasa la tano mjini Jinja, mjomba wangu aliyekuwa dereva wa lori alirudi kutoka safari ya kaskazini na kobe mdogo aliyeenea kiganjani. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kufuga kobe. Tulimpa boksi la sabuni, tukamlisha mkate, nyanya na matango. Kwa kuwa nilikuwa nimesikia shuleni kwamba wanyama wa jamii yake huota jua, nilijitwika jukumu hilo mwenyewe. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilimweka ndani ya dirisha la sebuleni, nikalifunga dirisha asije akaangukia nje, na mama alimtoa mchana. Jua la Jinja lilimpiga mgongoni, naye alionekana kuridhika.

Baada ya miezi kadhaa gamba lake lilianza kulegea. Nikilibonyeza lilibonyea kama chupa ya plastiki. Kisha miguu ya nyuma ikashindwa kumbeba, akawa anajiburuta. Jirani alisema ni baridi ya usiku. Bibi alisema mnyama wa porini hafugwi nyumbani. Alikufa wakati wa likizo, nikamzika nyuma ya jiko.

Mwaka jana, nikijisomea habari za ugonjwa wa matege kwa ajili ya somo la historia ya tiba, nilikuta maelezo kwamba kioo cha kawaida cha dirisha hupitisha mwanga na joto, lakini huzuia karibu yote ile mionzi ya urujuanimno ambayo mwili huitumia kutengeneza vitamini D. Niliyasoma mara mbili, kisha nikafunga kitabu. Miezi yote ile kobe wangu alikuwa akipata joto tu. Jua alilolihitaji lilikuwa limebaki upande wa pili wa kioo.

Insha hii imetokana na siku hiyo. Nitachunguza jinsi binadamu walivyokuja kujua kwamba reptilia wa kufugwa wanahitaji vitamini na madini ya nyongeza, na maarifa hayo yalipatikana lini. Hoja yangu ni kwamba upungufu huu haukutokana na maumbile ya wanyama hawa. Kila hatua ya historia hii ilianza kwa kumfungia kiumbe fulani, na ndipo watu walipogundua alichonyimwa. Tena, maarifa yenyewe yalipatikana mapema sana kuliko wengi wetu tunavyodhani. Yalichelewa kuwafikia waliokuwa na mnyama mkononi.

Mifupa inavyokopwa

Kabla ya kuingia katika historia yenyewe, inafaa tueleze kwa ufupi kinachotokea mwilini. Misuli na moyo haviwezi kufanya kazi bila kalsiamu ndani ya damu. Kalsiamu ya damu ikipungua, mwili huikopa kutoka kwenye mifupa. Mkopo huo usiporudishwa, mifupa hulainika, taya na uti wa mgongo hupinda, na gamba la kobe, ambalo nalo ni mfupa, hulegea. Vitamini D ndiyo inayouwezesha utumbo kufyonza kalsiamu kutoka kwenye chakula. Kwa hiyo mnyama anaweza kudhoofika kwa njia mbili: akose kalsiamu kwenye chakula, au aipate lakini akose vitamini D ya kuiingiza mwilini.

Lipo pia suala la fosforasi. Ikizidi sana kuliko kalsiamu, huzuia kalsiamu isitumike vizuri. Wataalamu wa lishe hupendekeza kalsiamu isipungue kiasi cha fosforasi, na ikiwezekana iwe maradufu yake. Nyenje wanaofugwa kwa ajili ya kulisha vinyonga na mijusi wako kinyume kabisa: fosforasi yao ni mara kadhaa ya kalsiamu. Ndiyo maana wafugaji huwapaka nyenje unga mweupe kabla ya kumpa mnyama. Kwa kawaida unga huo ni kalsiamu kabonati, kitu kilekile kilichomo kwenye maganda ya mayai, na wakati mwingine huchanganywa na vitamini D.

Sisi Waafrika hatuna haja ya kwenda mbali kuelewa jambo hili. Mwaka 1999 Tom Thacher na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watoto wenye matege nchini Nigeria, nchi isiyokosa jua. Walionyesha kwamba tatizo kubwa la watoto hao lilikuwa uhaba wa kalsiamu kwenye chakula, na kwamba walipopewa kalsiamu walipata nafuu zaidi kuliko waliopewa vitamini D peke yake. Kwa hiyo jua peke yake halitoshi, na chakula peke yake hakitoshi. Kobe wangu alikosa vyote viwili.

Simba wa London, mbwa wa Mellanby na watoto wa Berlin

Historia ya unga huu haianzi na reptilia. Inaanza na watoto wa simba. Mwishoni mwa miaka ya 1880, bustani ya wanyama ya London ilikuwa na tatizo la miaka mingi: simba waliozaliwa pale walipata matege na kufa. Walikuwa wakilishwa nyama ya farasi isiyo na mafuta. Daktari wa upasuaji John Bland-Sutton alishauri waongezewe mifupa iliyopondwa, maziwa na mafuta ya ini la samaki. Wanyama walipona. Kwa lugha ya leo tungesema alikuwa amewapa kalsiamu na vitamini D, ingawa wakati huo neno vitamini halikuwepo.

Simba wa porini hana mtu wa kumpondea mifupa, lakini hula swala pamoja na mifupa yake midogo na ini lake. Waliomfungia ndio waliomchagulia mnofu mtupu. Hapa tunauona kwa mara ya kwanza mfumo utakaojirudia: kizuizi kwanza, ugonjwa baadaye, na dawa mwisho.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia mambo yalikwenda kasi. Nchini Uingereza, Edward Mellanby aliwalisha mbwa vyakula vya nafaka, hasa shayiri, wakapata matege, kisha akawaponya kwa mafuta ya ini la samaki. Alihitimisha kwamba ugonjwa huo ni wa chakula. Alikuwa sahihi, lakini mbwa wake walikuwa wamefungiwa ndani, na ukosefu wa jua ulikuwa sehemu ya ugonjwa. Mwaka 1919 mjini Berlin, Kurt Huldschinsky aliwatibu watoto wenye matege kwa taa ya zebaki inayotoa mionzi ya urujuanimno. Alipomulika mkono mmoja tu wa mtoto, mkono wa pili nao ulipata nafuu. Hii ilimaanisha kwamba ngozi ilitengeneza kitu kilichosafiri katika mwili mzima.

Mwaka 1922 Elmer McCollum na wenzake huko Marekani walipasha moto mafuta ya ini la samaki na kuyapitishia hewa mpaka nguvu ya vitamini A ikaharibika. Hata hivyo mafuta hayo yaliendelea kutibu matege. Kitu hicho kilichobaki wakakiita vitamini D. Mwaka 1924 Harry Steenbock wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alionyesha kwamba hata chakula chenyewe kikimulikwa kwa urujuanimno hupata uwezo wa kutibu matege. Kufikia hapo, wenzangu, maarifa ya msingi yalikuwa tayari. Ilikuwa imejulikana kwamba mifupa inahitaji chakula na mionzi, na kwamba kimojawapo kinaweza kusaidia pale kingine kinapopungua.

Joan Procter na kioo chake

Nilitarajia kwamba ingechukua miongo mingi kabla ya elimu hii ya watoto kuwafikia mijusi. Nilikosea. Ilichukua miaka mitatu tu.

Joan Beauchamp Procter alizaliwa mwaka 1897 na alikuwa mgonjwa wa mara kwa mara tangu utotoni. Alijifunza kazi ya reptilia katika Jumba la Makumbusho la Uingereza chini ya George Albert Boulenger, kisha mwaka 1923 akawa msimamizi wa reptilia katika bustani ya wanyama ya London. Jumba jipya la reptilia alilosaidia kulibuni lilifunguliwa mwaka 1927. Lilikuwa na joto la umeme lililotofautiana kutoka kizimba hadi kizimba, na vioo maalumu vilivyotengenezwa ili vipitishe urujuanimno wa jua. Procter alifariki mwaka 1931 akiwa na umri wa miaka 34.

Kwangu mimi hiki ndicho kiini cha insha. Mwaka 1927 palikuwa na mtu aliyejua kwamba reptilia aliyewekwa nyuma ya kioo cha kawaida hapati jua kamili, na alijenga jumba zima kwa kuzingatia hilo. Jua la London ni hafifu na majira ya baridi ni marefu, lakini Procter alipigania hata kile kidogo kilichopatikana. Mimi Jinja, karibu kabisa na ikweta, nilikuwa na jua la kumwaga nje ya mlango, nikalifungia dirisha.

Kutoka jumba la Procter hadi duka la wanyama

Kama maarifa yalikuwepo mwaka 1927, tungetegemea kwamba yeyote aliyeuziwa mnyama baada ya hapo angeuziwa pamoja na maelezo hayo. Haikuwa hivyo. Biashara ya wanyama wa kufugwa ilikua kasi kuliko elimu ya kuwatunza.

Mfano mzuri ni kobe wadogo wa maji wenye alama nyekundu shavuni, ambao katikati ya karne ya 20 waliuzwa Marekani kwa bei ndogo sana kama vitu vya kuchezea watoto, mara nyingi wakiwa ndani ya bakuli la plastiki. Wengi walikufa magamba yakiwa laini na macho yamevimba. Macho hayo yaliyovimba yalikuwa na historia yake: mwaka 1967 Elkan na Zwart walieleza katika utafiti wao kwamba ugonjwa wa macho wa kobe wadogo wa maji husababishwa na upungufu wa vitamini A. Mwaka 1975 serikali ya Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa kobe wenye gamba lililo chini ya inchi nne. Lakini ukisoma sababu ya marufuku hiyo, utakuta ni bakteria wa salmonela waliokuwa wakiwaambukiza watoto. Sheria ilikuja kwa ajili ya afya ya mnunuzi. Vifo vya kobe wenyewe havikuwa na mtetezi serikalini.

Baadaye taa za urujuanimno na unga wa kalsiamu vilienea madukani, na bila shaka viliokoa wanyama wengi. Hata hivyo vilileta hatari ya pili, nayo ni kuzidisha. Vitamini D inayomezwa kupita kiasi hupandisha kalsiamu ya damu mpaka ikaanza kuganda kwenye figo na mishipa. Vitamini A ikizidi, hasa kwa sindano, huweza kumfanya kobe abanduke ngozi. Mnyama anayejitengenezea vitamini D kwa jua ana kinga dhidi ya hatari hiyo, kwa sababu ngozi yenyewe husimamisha kazi inapotosha. Kijiko cha mfugaji hakina kinga hiyo.

Kinyonga wa Kenya bustanini Hawaii

Mpaka hapa msomaji anaweza kudhani kwamba hii ni historia ya Ulaya na Marekani peke yake. Sivyo, kwa sababu wanyama wengi waliokuwa ndani ya vizimba hivyo walitoka kwetu.

Mwaka 1896 Boulenger, yuleyule aliyemfundisha Procter, alimwandika rasmi kinyonga wa pembe tatu wa nyanda za juu za Afrika Mashariki na kumpa jina la Jackson. Jackson huyo ni Frederick Jackson, ambaye kuanzia mwaka 1911 alikuwa Gavana wa Uganda. Kwa hiyo mnyama aliyekuwa akitambaa kwenye vichaka vya mlima Kenya aliingia katika vitabu vya sayansi akiwa na jina la mtawala wetu wa kikoloni. Baada ya majina ikaja biashara. Vinyonga wa Kenya na Tanzania walisafirishwa wakiwa hai kwenda kwa wafugaji wa ng'ambo.

Mwaka 1972 mfanyabiashara wa wanyama wa kufugwa huko Kaneohe, kisiwani Oahu katika visiwa vya Hawaii, alipokea vinyonga kadhaa wa aina hiyo kutoka Kenya. Walifika wamekonda na wamekauka kwa kiu. Akawaachia bustanini kwake ili wapate nafuu. Walipata nafuu kiasi kwamba hawakurudi tena ndani. Walizaana, wakaenea, na leo wako katika visiwa kadhaa vya Hawaii.

Tukio hili linatufundisha mambo mawili. La kwanza, vinyonga wale hawakupakiwa unga. Walipewa mvua, majani, wadudu wa kila aina na jua lisilo na kioo. Hali ya hewa ya pale ilifanana vya kutosha na ya kwao, na miili yao ikafanya yaliyobaki. La pili ni chungu: kupona kwao kumekuwa balaa kwa wenyeji wa Hawaii, kwa kuwa wanakula wadudu na konokono wadogo wa asili wasiopatikana kwingineko duniani. Kumfungulia mnyama mlango mahali pasipo pake si jibu la kumfungia.

Mnyama anayejua kipimo chake

Utafiti uliobadilisha mtazamo wangu zaidi ya wote ni wa Gary Ferguson na wenzake, uliochapishwa mwaka 2003. Waliwachunguza vinyonga wa Madagaska wanaoitwa kinyonga chui. Waligundua kwamba wale waliolishwa vitamini D kidogo walijianika zaidi kwenye mionzi ya urujuanimno, na wale waliolishwa nyingi walijianika kidogo. Yaani kinyonga mwenyewe, bila kupimwa damu, hurekebisha muda wake wa kukaa juani kulingana na anachokosa.

Kobe wa porini nao wana njia zao. Kobe wa madoa wa Afrika Mashariki na Kusini ameonekana akitafuna mifupa mikavu na hata kula kinyesi cha fisi, ambacho huwa cheupe kwa sababu ya mifupa aliyoisaga fisi. Unga wake mweupe anautafuta mwenyewe. Tunapomfungia hatumnyimi kalsiamu tu. Tunamnyima pia uwezo wa kwenda kuitafuta, kisha tunachukua nafasi ya maamuzi yake kwa kijiko na ratiba.

Mwenzangu mmoja aliposoma rasimu ya insha hii aliniuliza: "Sasa unataka kusema watu waache kuwapa wanyama wao vitamini?" Hapana. Mnyama aliyekwisha kufungiwa anazihitaji, na kumnyima kwa madai ya kupenda asili ni ukatili wa pili. Tena ni haki kukiri kwamba sehemu kubwa ya elimu hii imetokana na bustani za wanyama na wafugaji waliokuwa makini, na kwamba kinyonga aliyezalishwa kizimbani na kutunzwa vizuri hupunguza sababu ya kumkamata mwingine porini. Serikali zetu nazo zimechukua hatua. Vinyonga wamo katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini tangu mwaka 1977, na mwaka 2016 Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Ninachokataa ni kuiona chupa ya unga kama ushahidi kwamba mnyama alizaliwa na kasoro. Chupa ile ni orodha ya vitu tulivyomnyang'anya.

Hitimisho

Katika insha hii nimeonyesha kwamba virutubisho vya reptilia ni mtoto wa historia ya matege: kutoka simba wa London, mbwa wa Mellanby na watoto wa Berlin, hadi jumba la Procter, maduka ya wanyama na bustani ya Kaneohe. Kila mara kiumbe alifungiwa kwanza, na ugonjwa wake ndio uliokuwa mwalimu. Nimeonyesha pia kwamba kati ya maarifa kupatikana na maarifa kumfikia anayeyahitaji kuna umbali ambao wanahistoria wa sayansi tunapaswa kuupima kwa makini kama tunavyopima tarehe za ugunduzi.

Wahadhiri wetu hutuasa tusiwahukumu watu wa zamani kwa elimu ya leo. Nakubaliana nao, na ningependa kujitetea kwa kanuni hiyohiyo. Lakini haitanisaidia. Elimu iliyohitajika ilikuwa na umri mkubwa kuliko bibi yangu. Na bibi, ambaye hakuwahi kusikia habari za vitamini D, ndiye aliyekuwa karibu zaidi na ukweli pale nyumbani, ingawa hakuna aliyemuuliza sababu, hata mimi.

Dirisha lile la sebuleni bado lipo. Nilipokwenda nyumbani likizo iliyopita, mdogo wangu wa mwisho alikuwa amemshika mjusi akamweka ndani ya chupa ya kioo, na chupa ameiweka dirishani. Nilimwambia atoke naye nje. Tulikaa wote wawili uani, tukafungua kifuniko, tukangoja. Mjusi alipanda ukutani mahali palipokuwa na jua, akatulia pale kwa muda, kisha akaingia kivulini mwenyewe.